Nimemteka Mkwe Ngomeni, Sasa Kaka Amenuna

Mpendwa Bi Beryl, naomba msaada wako, na usidhani nimeshindwa jambo, mimi nimeshinda mpaka ushindi wenyewe umekuwa mzigo. Elliot, mtoto wa kaka yangu Clifford, anaoa msichana wa Wales aitwaye Nesta, na baba yake Nesta, mzee Emrys, alikuwa ameshatangaza kwamba harusini atakuja lakini meza moja na sisi Waingereza hakai, basi Jumamosi tukavuka kutoka Burnley kwenda Conwy, kaka, Elliot na mimi, kumlainisha, na kaka anasema Wales si ng'ambo, lakini ukiona hata mabango ya barabarani yanakusemesha kwa lugha nyingine umeshafika ng'ambo, ubishi wa nini.

Emrys akatutembeza kwenye ngome ya kale ya mjini kwao. Mimi shule sikukaa sana ila macho ninayo, nikaupiga ule ukuta kofi nikasema wazee wetu walijua kujenga, nia yangu kuusifia mji wake, kumbe nimekanyaga pabaya, maana ngome ile aliijenga mfalme wetu ili awakalie kichwani wazee wao. Elliot akatazama viatu vyake. Emrys akanipima juu mpaka chini.

"Ni kweli, bwana, mlijenga imara," akasema. "Mtu hujenga hivyo akiwa anaogopa."

Kuanzia hapo hakunisemesha tena, nikajua harusi imeingia mchanga. Nikaamua kupanda mnara nipunge upepo, na ngazi zake ni za kuzunguka, nyembamba kama koo la kuku, na tumbo langu mimi si la kuazima, katikati nikakutana na mama wa Kijerumani anashuka na begi mgongoni kubwa kama friji, hapiti yeye sipiti mimi, na nyuma yangu wamejipanga Waingereza basi zima, nadhani hata mabasi matatu, wanapiga kelele nisukumwe. Tulikaa hivyo mpaka mlinzi akaja kunichomoa kama kizibo cha chupa.

Njaa ikatuingiza baa. Mezani pai ya nyama iliyopikwa kwa bia, chipsi, njegere za kuponda, mchuzi umemwagwa mpaka sahani inaogelea, na Emrys anatafuna kimya kama yuko matangani. Nikaanza kusimulia mkasa wa ngazi, nikautia chumvi kidogo, kaka anasema gunia, baa nzima ikageuza viti, na nilipofika pale Waingereza wanalia wapite, Emrys akaweka uma chini.

"Subiri kwanza. Waingereza wamekuja kuipanda ngome, na aliyewazuia ni wewe?"

"Peke yangu, mzee. Na silaha ni hili tumbo."

Bi Beryl, mzee alicheka mpaka njegere zikampalia, akainuka, akaenda kaunta akaniletea bia wakati zamu yake ya kununua ilikuwa bado, na wewe unajua kwetu mtu akikununulia nje ya zamu ameshakusamehe wewe na ukoo wako. Akatangaza mbele ya wote kwamba mezani atakaa, tena siku ya harusi kwa upande wa bwana harusi aongee huyu mwenye tumbo, hataki mwingine. Watu wakapiga meza. Nikainua glasi kama mfalme.

Ila kaka Clifford ndiye baba mzazi, na tangu majira ya baridi anajifunza hotuba yake gerejini, namsikia kwa sababu nyumba zetu zimeshikana. Akasema tu, "Sawa, wewe ndiye mwenye mdomo," na njia nzima ya kurudi akatazama dirishani. Nikikataa naogopa Emrys atanuna upya, nikikubali nimemkata kaka, na hotuba ninayo kali, ina mpaka farasi. Nifanyeje?

Neville, Burnley

*

Neville, hongera, tena kwa moyo mweupe. Wapo waliowapelekea wakwe wa namna hiyo maua na keki wakarudi bila hata tabasamu, wewe umempata kwa pai moja. Sasa funga mdomo unisikilize.

Emrys hakuchekeshwa na ujuzi wako wa kuongea. Ulipousifu ukuta alikasirika, ulipojicheka mwenyewe alikupenda. Na mzee anayemwoza binti yake hahitaji kufundishwa uzito wa baba kusema neno kwa mwanawe, kwa hiyo usimsingizie kununa. Unayemwogopa ni farasi wako, asije akakosa watazamaji. Kaka yako anahangaika gerejini, wewe umesikia yote ukutani, halafu unaniuliza mimi? Ona aibu kidogo.

Leo hii mpigie Emrys. Mwambie baba wa kijana ndiye atakayesimama, basi, usimwingize Mjerumani yeyote. Kisha gonga gereji, kaa chini, kaka akusomee hotuba yote, na usimrekebishe hata neno. Visa vyako peleka baa mkesha wa harusi, Emrys atakununulia tena.

Siku yenyewe Clifford atatetemeka na neno litampotea. Usimkumbushe. Mngoje alipate mwenyewe. Akimaliza, hata kama ni sentensi mbili, wewe uwe wa kwanza kusimama, na upige makofi mpaka Wales nzima ijue kwamba yule ni kaka yako.

Bi Beryl