Mbeleko Iliyofika Mwanza

Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya baba mfikishie hukohuko bandani kwa ng'ombe. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Marangu? Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na sitaki kukuficha.

Kaka Aloyce amefika na mzigo wenu. Niliufungua palepale kwenye cherehani, wateja wawili wakiwa wamesimama. Ndizi za mtori, siagi kwenye kopo, na mbeleko mpya. Nikamwuliza mbeleko ni ya nani.

"Si ya kwako?" akasema. "Mama ameona ile picha uliyotuma. Jumuiya nzima inajua. Baba ameshafungia mbuzi ndani anamnenepesha, na Mama amesema vile vidonge uache kabisa, vitamdhuru mtoto."

Wateja wakanipa hongera. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama, sina mimba. Nimenenepa. Ni hivyo vidonge vya ule ugonjwa wangu wa akili, wa kupanda na kushuka. Vinaleta njaa isiyojua kushiba. Namaliza ugali nikiwa bado nautamani. Gauni nililovaa kwenye picha nimeliachia mishono mara mbili, mimi fundi ninayepima viuno vya watu. Sasa daktari anasema na sukari imeanza kupanda. Ananiambia nipunguze kula, kana kwamba sijajaribu. Mtaani nako wananiambia maisha yamenikubali. Nimechoka kushukuru kwa sifa ya ugonjwa.

Usidhani sijafikiria kuviacha. Nafikiria kila asubuhi nikivaa. Lakini wewe ndiye uliyenifuata sokoni siku ile nilipokuwa nagawa nguo zako kwa wapita njia huku nikiimba, na wewe ndiye uliyenilisha kwa kijiko nilipolala wiki nzima nimegeukia ukuta. Umesahau? Leo nalala usiku, naamka, nashona. Daktari ameahidi kunijaribishia dawa nyingine, taratibu. Mpaka hapo nitameza hizihizi, na nakuomba usiniambie tena niache. Ukiniambia wewe, siku moja nitakusikiliza, na ndilo ninaloogopa.

Wakikuuliza baada ya misa, usiseme amepona wala usiseme ni mjamzito. Sema anatumia dawa. Najua ni aibu kwako. Kwangu pia ni aibu, lakini mwili ni wangu na ndio unaotembea nayo.

Msalimie shangazi Veronika muuza ndizi, aliyeapa kuwa ni pacha. Mwambie ni mimi peke yangu, ila nimejaa. Mdogo wangu Happy asome. Baba mwambie amfungulie yule mbuzi, tusinenepe wawili bila sababu.

Desemba nitapanda huko kama kila mwaka. Mtori nipikie bakuli dogo, siagi kidogo. Mbeleko sirudishi, naitunza. Ila mtoto mtakayempokea ni mimi.

Binti yako,
Restituta