Injini Iliyoshushwa na Maksai

Mpenzi wangu Baba Kulwa,

Juzi nilikuwa napita Nyahanga, nikasikia pikapu kuukuu ikinguruma nyuma yangu. Nikakaa chini kando ya barabara, mtu mzima mimi! Ulinijua kuwa mwoga, mume wangu, lakini hukujua ni mwoga kiasi gani.

Unaukumbuka mwaka ule wa shida, vipuri havipatikani, injini ya pikapu yetu imekufa na mpunga umelala shambani? Ukapata nyingine kwenye gari lililopinduka njia ya Geita. Winchi ya kuinyanyulia hatukuwa nayo. Ukacheka: "Maksai si wapo?" Mnyororo ukaupitisha kwenye kapi juu ya tawi la mkwaju, huku injini, huku nira. Maksai wakienda mbele, injini inapanda. Wakirudi nyuma taratibu, inashuka ndani ya pikapu.

Ukanionya: "Mama Kulwa, hawa wamezoea jembe. Wakifika mwisho hugeuka wenyewe, hudhani shamba limekwisha. Simama mbele yao, usiwapishe." Nikaitikia. Ukainama, mkono chini ya injini, unatafuta matundu ya boliti. Mdogo wako Shija akaishikilia isiyumbe.

Mnyororo ukaanza kulia. Sabuni, yule maksai mwekundu, akanitolea macho, pembe zile usoni pangu! Mkojo ukanitoka. Hilo nalo sikukwambia. Nikasogea pembeni hatua moja, moja tu. Wakageuka, mnyororo ukalegea, injini ikaulalia mkono wako.

"Mayu wane!" ulilia hivyo, ukimwita mama yako kama mtoto. Ndipo nikamrukia Sabuni, nikamng'ang'ania pembe, nikamvuta mbele mpaka injini ikanyanyuka. Mkono ukatoka. Vidole viwili vilikuwa vimeshikwa na ngozi tu.

Ulichokiona wewe ni mimi nimening'inia kwenye pembe. Basi ukawa wimbo wako. Kila mgeni akija unamwonyesha ule mkono: "Bila huyu mwanamke, ningekuwa udongoni." Sabuni ukasema ana nuksi, ukampeleka mnadani. Masikini ya Mungu, alifanya alichofundishwa. Kila ulipoanza hadithi ile mimi nilikimbilia jikoni, nikihofu Shija atasema, "Lakini shemeji si alipisha?" Hakusema. Nadhani hakuona.

Kwenye msiba wako alisimama mbele ya watu, akasema shemeji yake alimtoa kaka mdomoni mwa mauti. Wakageuka wote kunitazama. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni uchungu.

Nilipisha, Baba Kulwa. Nimeandika. Padri anasema tutaonana tena, na wenzangu hufarijika wakisikia hivyo. Mimi usingizi unaniruka. Naogopa kwamba siku hiyo, kabla sijakuamkia, utaninyooshea mkono ule na kunishukuru.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Kulwa