Nilisema Sijui Kuzama

Jumatano, 3 Juni
Nimesahihisha daftari za kidato cha tatu mpaka vidole vimekakamaa. Mchoro wa moyo. Nusu ya darasa wamegeuza kushoto kuwa kulia. Nimesonga ugali, nimemwogesha Nasra, nimempelekea mama mkwe maji ya uvuguvugu ya kukandia magoti. Halafu nimemdanganya.

Nimemwambia Jumamosi naenda Dar, semina ya walimu wa baiolojia, siku kumi. Akasema, "Nenda mwanangu, Mungu akutangulie." Hakuuliza kitu. Angeuliza ingekuwa nafuu.

Hakuna semina. Naenda kisiwani Mafia kwa Rehema, niliyesoma naye chuo. Siku hizi anaongoza wageni chini ya bahari. Kila mwaka ananiita, kila mwaka natafuta sababu. Safari hii Baba Nasra ndiye aliyesema niende. Ananiona nilivyokonda. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilijifunza kuzama, yaani kupiga mbizi na mtungi wa hewa, nikiwa na miaka ishirini na moja. Tangu nihamie Ngokolo, huku Shinyanga, maji yangu ni ya ndoo.

Ijumaa, 5 Juni
Shule imefungwa. Nimepanga nguo. Miwani ya kuzamia nimeikuta chini kabisa ya sanduku la bati, mpira wake umekauka umepasuka. Nimeitupa.

Niandike leo, maana sijawahi kuliandika.

Shija alikuwa mdogo wa mume wangu. Miaka ishirini na minne. Mcheshi, hakai kimya. Alikuwa anachimba kwenye machimbo madogo ya dhahabu, mbele ya Geita. Miaka sita iliyopita mvua kubwa ilinyesha alfajiri, maji yakaingia kwenye duara, yaani shimo lao. Wenzake walitoka. Yeye hakutoka.

Tulifika alasiri. Mama mkwe alikuwa ameshawekwa juu ya magunia, karibu na mdomo wa shimo. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Pampu moja, na kompresa ya kusukumia hewa chini kwa mpira mrefu. Shija alikuwa amenitangaza kwa wenzake wote: shemeji yangu anapumua chini ya maji kama samaki. Basi msimamizi akanijia. "Mwalimu, tumesikia unajua kuzama. Ni kweli?"

Mama mkwe alinyanyua uso akaniangalia.

Nikasema, "Hapana. Ni kuogelea tu kule kwetu pwani. Kuzama sijui."

Baba Nasra alikuwa kando yangu. Yeye alijua. Aliangalia chini.

Pampu ilifanya kazi siku tatu ndipo wakampata. Siku tatu mama hakutoka pale. Hakula. Alikuwa akiita jina lake kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula.

Sikukataa. Kukataa kungekuwa kitu kingine. Nilidanganya.

Jumatatu, 8 Juni. Mafia
Nimefika jana nimechoka, mwili wote unanuka basi. Rehema amenenepa, amenikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Chumba kizuri. Samaki mchana, samaki jioni. Nasra kwenye simu ameniuliza semina ina watoto. Nikasema hapana. Uongo sasa unanitoka bila kuukohoa.

Leo mazoezi, maji ya kifuani. Rehema ni mkali kazini, urafiki anauacha ufukweni. Alinitaka nipige magoti chini, nitoe kinywani kile cha kupumulia, nikirudishe. Kitu nilichokifanya mara mia nilipokuwa msichana. Nikakitoa. Nikamwona Shija. Si uso wake, ni maji yale ya rangi ya chai. Nikasimama nikikohoa kama mtoto aliyeanguka mtoni.

"Umezeeka, Zuhura," Rehema akasema huku akicheka.

Nikamwacha acheke.

Jumanne, 9 Juni
Nimerudia. Mara ya tano nimeweza. Masikio yanauma. Mikono inakumbuka mambo ambayo kichwa kimesahau: kubana pua, kupuliza taratibu, kutoa maji kwenye miwani. Nimejisifu. Halafu nikaona aibu ya kujisifu.

Alhamisi, 11 Juni
Nimeshuka. Mita kumi na mbili.

Sijui niandikeje. Matumbawe kama bustani ambayo hakuna aliyeipanda. Kasa mmoja alipita chini yetu bila haraka, hata hakutuangalia. Samaki wadogo wa njano walinizunguka mikono. Mwili wangu haukuwa na uzito. Magoti, mgongo, miaka yote, vyote viliondoka. Nikacheka. Nilicheka mle chini, kicheko kikatoka kama mapovu, Rehema akanionyesha dole gumba, ishara ya kupanda juu, akidhani nataka kutoka, kisha akaelewa akacheka naye.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo hivyo. Furaha ambayo sijaipata tangu Nasra azaliwe.

Tulipopanda nikakaa kwenye boti nikalia ndani ya miwani. Rehema alidhani ni chumvi. Maji ndiyo yaliyomziba Shija mdomo, na mimi nimeyafuata kwa nauli, nikayafurahia.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemwambia Rehema yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akajibu kama mwalimu. Usingeona hata kiganja chako. Kompresa ile inakula moshi wake yenyewe, ungevuta sumu. Matimba yanayoshikilia kuta yalikuwa yameshalegea. Na kijana alikuwa ameshakufa kabla hamjatoka Shinyanga. "Wangetoa maiti mbili, Zuhura, na Nasra alikuwa ananyonya."

Yote kweli. Nilipata ahueni ya kama saa moja.

Kisha nikakumbuka kwamba siku ile sikuwaza hata moja kati ya hayo. Si moshi, si matimba, si Nasra. Niliogopa, mdomo ukasema hapana kabla sijafikiri. Sababu nzuri zimekuja baadaye. Nimekuwa nikijificha nyuma yake miaka sita.

Jumamosi, 13 Juni
Rehema ameweka picha yangu Facebook. Mimi na mtungi mgongoni, meno yote nje. Ameandika: Zuhura wetu amerudi nyumbani majini, kama hakuwahi kuacha. Na jina langu ameliunganisha.

Mbuke ameiona. Mbuke ni wifi yangu, dada wa Shija, anakaa Maganzo. Ameipeleka kwa mama.

Ujumbe wa Baba Nasra ni maneno matatu. Mama ameona picha.

Nimemwomba Rehema aifute, ameifuta, ameomba radhi mara kumi. Hana kosa. Kesho kuna kuzama tena, nimekataa.

Jumatano, 17 Juni. Ngokolo
Nimefika. Mama hayupo. Mbuke alikuja Jumapili akamchukua kwenda kwake Maganzo. Kitanda chake kimetandikwa vizuri sana. Nasra anasema bibi hakulia, alikunja tu nguo.

Baba Nasra amenieleza jikoni, huku akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba amenye. Mama alimuuliza swali moja tu: tangu lini mkewe anajua kuzama? Akamjibu kweli. Tangu kabla hajanioa.

"Na mimi nilinyamaza," akasema. "Uliposema hujui, nilishukuru. Mdogo wangu yuko shimoni, mimi nashukuru."

Miaka sita tumelala kitanda kimoja na hilo, kila mtu na upande wake. Nilimshika mkono wenye vitunguu.

Jumapili, 21 Juni
Nimekwenda Maganzo. Peke yangu, nilimkataza Baba Nasra kuja. Mbuke anauza chai na chapati barabarani, wateja wake ni wachimbaji na madalali wa almasi. Aliniona tangu niliposhuka kwenye gari. Hakuacha kusukuma chapati.

"Yuko uani," akasema. "Na usimlize."

Nilipiga magoti. "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Tangu niolewe haijatokea. Aliniacha pale magotini na shikamoo yangu. Kuku walipita. Nikasikia wanaume wawili huko mbele wakibishana juu ya sukari.

Kisha akasema, "Siku ile walipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukasema hujui."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimebeba maneno ya Rehema yote, ya moshi na matimba. Sikuyatoa. Alitaka jibu moja, nimempa.

Akageuza uso ukutani. "Nenda kwa mtoto wako."

Nimerudi. Sijala. Nimejichukia njia nzima, lakini ni mara ya kwanza najichukia kwa jambo ambalo na mwingine analijua. Kuna tofauti. Siwezi kuieleza.

Alhamisi, 25 Juni
Hakuna simu. Baba Nasra amepiga, Mbuke amepokea, mama amelala. Saa nne asubuhi, amelala.

Jirani ameuliza semina ilikuwaje. Nikamwambia haikuwepo semina, nilikwenda kutembea. Akabaki ameduwaa na ndoo yake.

Jumanne, 30 Juni
Mama amepiga mwenyewe. Hakusalimia. "Nipeleke Geita. Wewe. Sitaki mwingine." Nikasema ndiyo. Akakata.

Jumatano, 1 Julai. Geita
Nilimpitia kwa Mbuke asubuhi na mapema. Basi mpaka Kahama, jingine mpaka Geita. Njia nzima hakunisemesha. Nilimnunulia maji, akayanywa. Nilihesabu hilo kama neema.

Toka mjini tulichukua bajaji. Mahali penyewe sikupatambua. Duara limefukiwa. Juu yake wameweka mashine za kusaga mawe, vumbi jeupe kila mahali, vijana wamefunga vitambaa puani. Hakuna hata mmoja wa siku zile. Mmoja alitupisha kwa heshima, "Shikamoo bibi, mnatafuta mtu?" Mama akasema, "Marahaba. Tulishampata."

Akachagua mahali, akakaa chini kwenye vumbi na kanga yake safi. Nikakaa pembeni. Mashine zilipiga kelele. Zilipozimwa, vijana wakaenda kula, akaanza kusema huku akiangalia ardhi.

"Ungesema unajua, mimi ningekwambia shuka."

Akasawazisha vumbi kwa kiganja.

"Sikiliza. Nilikuwa nataka mtu ashuke. Yeyote. Wewe, kaka yake, mtoto wa mtu nisiyemjua. Nilikuwa tayari mtu afe ili mwanangu atoke. Ulikuwa unanyonyesha, nilikuona maziwa yamelowesha gauni. Bado ningekwambia shuka. Na kama usingerudi, nisingekulilia. Si siku ile."

Machozi yalikuwa yanamtoka, sauti haikubadilika.

"Nimekukasirikia kwa uongo wako. Nina haki. Wiki mbili nimekaa kwa Mbuke nakukasirikia. Lakini kila nikifika mwisho wa hasira nakutana na hilo langu. Ukaniletea maji ya magoti kila jioni, miaka sita, mimi niliyekuwa tayari kukuzika."

Nilitaka kusema si kitu. Ni kitu. Nikasema, "Nisamehe, mama. Nilikudanganya."

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu kwa Kisukuma. Hakusema amenisamehe. Alinipa mkono nimwinue, magoti yalikuwa yamekufa. Uzito wake wote aliniachia mimi.

Tumelala kwa binamu yake mjini. Amekula ugali mwingi.

Jumapili, 5 Julai. Ngokolo
Kesho shule. Maandalio ya somo bado.

Mama yupo. Alishuka na mimi hapa Alhamisi bila kusema kama amerudi au anapita. Leo asubuhi Mbuke ameleta mfuko wake wa nguo, akanywa chai, akamtania Nasra, na mimi akanipa kilo ya sukari bila neno. Nimeipokea.

Baba Nasra ameleta gunia la viazi vitamu. Mchana kutwa tumekaa uani, mama na mimi, tunakata michembe, vipande vya viazi vya kuanika. Jua zuri, upepo kidogo. Nasra anatandaza vipande juu ya mkeka, anaiba vingine.

Katikati ya kazi mama akauliza huko chini mtu anasikia nini. Nilijua haulizi habari za Mafia.

Nikamwambia kweli. Kimya. Unasikia pumzi yako mwenyewe, basi. Mbali kidogo kama kitu kinakwaruza, lakini hakiumizi. Na mwili hauna uzito.

"Hauna uzito," akarudia.

"Hauna, mama."

Akakata kiazi kimoja chote, kisha kingine. Akachukua kipande nilichokata mimi, akakiinua kwenye mwanga.

"Hivi vinene. Havitakauka. Kata vyembamba."

Nimekata vyembamba.