Mpira wa Maji na Nguzo ya Tatu

Nyumba ileile, nyuma ya karakana ya mabati,
Jumapili, tarehe 11 mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu nyingi kama kokoto. U mzima? Shemeji hajambo? Na lile goti lako? Mimi mzima wa chuma. Meno yamebaki saba, lakini hayo saba yanafanya kazi ya thelathini. Mwandiko huu usiucheke. Mwanao mwalimu, huyu niliyemzaa mimi, alitaka kuniandikia, nikakataa. Ya humu lazima yatoke mkononi mwangu, hata kama nimeikalia karatasi tangu asubuhi.

Basi sikia. Likizo hii walimu wa sekondari, yeye akiwemo, wanapelekwa kuona kazi za ujenzi, barabara, mabomba ya maji, madaraja, ili wakirudi darasani wawatie wanafunzi hamu ya kazi hizo. Siku ya daraja letu akaniomba niende nao. Nikamwambia ningeshangaa wangeenda bila mimi.

Daraja lipo, ndugu yangu. Malori yanapita kutwa nzima na halitikisiki. Nilivalishwa kofia ngumu ya njano. Zamani zetu kofia ilikuwa mfuko wa saruji uliokunjwa, unakumbuka? Na ile harufu ya zege bichi asubuhi, na wewe unaimba kwa pua huku unafunga nondo. Nilisimama pale nikaisikia pua yako.

Injinia ni binti, umri wa wajukuu zetu, ana chombo cha miguu mitatu kinachopima kwa mwanga. Nikamwambia sisi tulipima kwa mpira wa maji tu. Mwalimu wa hesabu akadakia, "Mpira gani tena, babu?" Ukaletwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Nikaujaza, nikawaeleza kwamba maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama sawa hata mkitengana hatua hamsini. Wakaandika. Nimefundisha walimu, mimi niliyeishia darasa la pili. Mwambie shemeji.

Yule wa hesabu hakuniacha. "Na mpira ukidanganya?"

Nikamjibu haudanganyi, labda kibaki kiputo cha hewa ndani.

"Nani hutazama kiputo?"

"Anayejaza maji," nikasema, nikauweka mpira chini. Mwanao alikuwa ananitazama. Tangu utoto wake namsimulia kwamba nguzo ya tatu ilitoka fupi vidole vinne kwa kuwa baba yake mdogo alishika mpira vibaya.

Msumari, siku ile maji nilijaza mimi. Nilikuwa nawasimulia vibarua jinsi nilivyobeba mifuko mitatu ya saruji kwa mkupuo, kiputo sikukitazama. Mnyapara alipouliza nikakunyooshea kidole wewe, nawe hukufungua mdomo. Jioni akakufukuza kazi, ukabeba kibegi chako ukaenda. Kichwa cha ile nguzo tulikivunja kwa nyundo siku nne bila wewe, ndipo tukakimwaga upya kwa kimo chake. Miaka arobaini na moja nimejisifu nikiwa nimekukalia mgongoni.

Niliwaambia walimu wote, kofia nimeishika mkononi. Hakuna aliyecheka. Njia nzima mwanao alitangulia mbele. Tulipofika mlangoni akauliza, "Baba mdogo anajua umeyasema?" Nikamjibu bado. Akaingia ndani, akarudi na karatasi.

Nisamehe, mdogo wangu. Neno hilo nimeliandika mara mbili likatoka vibaya, hili ni la tatu.

Mwezi wa kumi wanafunzi wenyewe wataletwa darajani, na mimi nimeombwa niwaonyeshe tulivyopima. Nimesema mpira una ncha mbili na ya pili ina mwenyewe. Wakaniambia mwalimu yeyote anaweza kuishika. Nimekataa, unajua nilivyo mbishi. Usipokuja, wataangalia daraja na kurudi kwao.

Dada yetu mkubwa anakusalimu. Naye nimemwambia ukweli. Hajanipa chai tangu Alhamisi. Fundi seremala, yule Domo, anakuulizia. Nisalimie shemeji na wanangu wote huko. Mungu akunyooshee goti lako lifike safari hii.

Ukifika, mpira nitaujaza polepole. Kiputo utatazama wewe.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
niliyejaza maji.