Yaya, Kipa Wako Alikuwa Anaenda Wapi?

Butembo, Ijumaa baada ya Pasaka

Yaya Kakule,

Sijui kama barua hii ina mahali pa kwenda. Mwalimu wetu wa Kifaransa anasema barua lazima iwe na mtu wa kuipokea, la sivyo ni insha. Basi labda hii ni insha. Lakini nina swali, na ni wewe tu, kaka yangu, wa kulijibu.

Uliniacha nishinde?

Ngoja nieleze polepole. Tangu ulipoondoka mambo yananichanganyikia kichwani, na nikieleza haraka ninajipoteza mwenyewe.

Ulikufa mwezi wa kumi na moja. Unajua hilo, au hujui, hata hapo sielewi. Ulikuwa umeenda Mabalako kununua kakao kwa ajili ya bosi wako wa Beni. Homa ilikushika Jumanne. Ijumaa Baba mudogo Katembo alipiga simu kutoka Beni, na Papa akatoka nje bila viatu. Tulikuzika hapa Butembo, mvua ikinyesha. Watu walisema mvua ni baraka. Mimi nilifikiria tu shati walilokuvisha, lile jeupe ambalo hukutaka mtu aliguse.

Siku ya kumaliza kilio, wazee walikaa sebuleni kugawa vitu vyako. Pikipiki ikaenda kwa Papa, simu kwa Mama, suruali na makoti kwa watoto wa Baba mudogo. Mwishoni ikabaki mashine. Ile mashine yako ya michezo, uliyoitoa sokoni kwenye mizigo ya vitu vilivyotumika kutoka Kampala, pamoja na maneti zake mbili za kushika mkononi na kaseti moja tu. Ilikuwa pale mezani juu ya gazeti, na waya wa maneti yangu bado umefungwa na ile plasta ya kidonda.

Baba mudogo akasema, "Hii Mbusa atabeba. Ni kitu ya batoto banaume."

Mbusa, mtoto wake, alikuwa ameshanyoosha mikono. Mimi nilitaka kusema kitu. Unanijua, Yaya. Nilitazama saruji ya sakafuni.

Ndipo Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema, "Hapana. Ile ni ya Kahambu. Kahambu ndiye alikuwaka anamushinda Kakule. Kakule mwenyewe alinisemeaka."

Wote wakanigeukia. Baba mudogo akacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani kwetu tangu simu ile. "Eh! Huyu mwenye anaogopa hata kuku? Alikuwaka anamupiga Kakule? Donc basi abebe, ni haki yake."

Hivyo ndivyo nilivyopata mashine. Kwa sababu nilikuwa nakushinda. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linaloniumiza.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili ulipoileta. Ulipuliza kaseti mdomoni mwake, ukaisukuma, na kwenye ile televizio ya Papa ya mgongo mkubwa pakatokea uwanja mweupe mtupu. Barafu. Watu waliovaa viatu vyenye visu chini walikuwa wanateleza, wakisukumana kwa fimbo, wakikimbiza kitu kidogo cheusi. Sisi tulikiita kifuniko, kwa sababu kilifanana na kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Mimi barafu nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye ndoo ya muuza soda Beni, na niliwaza: uwanja mzima? Nani aliumwaga?

Mama alisimama mlangoni na ungo wake, akatazama muda mrefu. "Na bale bote," aliuliza, "habana mashamba?"

Hatukujua sheria. Kulikuwa na mistari ya bluu na mstari mwekundu, na refa alipiga filimbi tukivuka, na tusipovuka alipiga pia. Ulisema, "Huyu refa, kuna mutu anamukulisha." Kijitabu cha maelezo, ulisema, hakikuja na mashine. Tulijifunza kwa kupigiwa filimbi. Wewe ulichukua wekundu, mimi njano, kila Jumapili uliyokuja kutoka Beni, baada ya misa, umeme ukiwepo.

Mwanzoni ulinipiga vibaya. Halafu nikaanza kukaribia. Halafu, mwaka ule nilioingia sekondari, nikaanza kushinda. Si kila mara. Lakini ilikuwa inakuja hivi: mabao ni sawa, dakika zinakwisha, wewe unasimamisha mchezo. "Petite, mudogo wangu, kiu. Niletee maji." Ninakimbia jikoni, ninachota kwenye bidoni la maji, ninarudi, unakunywa, tunaendelea. Na goli lako liko tupu.

"Yaya, kipa wako ameenda wapi?"

"Sijui! Amechoka, amekimbia! Funga haraka, atarudi!"

Na ninafunga, kutoka mbali, kifuniko kinateleza peke yake mpaka ndani, na wewe unashika kichwa, unaanguka kwenye kiti, unamwita Mama aje aone mtoto wake anavyoua watu.

Mwaka ule ndipo nilipoanza kunyoosha mkono darasani. Hukujua kwamba ni kwa sababu hiyo. Au ulijua? Uliniambia siku moja, ukifunga begi kurudi Beni, "Mutu anashinda yaya yake mukubwa, anaogopa mwalimu juu ya nini?" Nililibeba neno hilo mpaka shuleni. Nilikuwa naliwaza kabla ya kunyoosha mkono.

Sasa sikia kilichotokea. Mwezi wa pili Mama alinipa begi lako la Beni nilipange. Katikati ya karatasi za kupimia kakao nikakuta kijitabu. Kile ambacho hakikuja. Cha Kiingereza, kurasa zimelegea, na picha ya mchezaji wa barafu na fimbo yake kwenye jalada. Nilikaa nacho wiki mbili na kamusi ya shule. Nikaelewa mistari ya bluu. Nikaelewa kwamba refa hakuwa mtu mbaya. Na kwenye ukurasa wa kumi na moja nikaelewa hili: kipa hachoki. Kipa hakimbii. Haondoki mpaka wewe mwenyewe umwondoe. Unasimamisha mchezo, unashuka mpaka mstari wa nne wa maandishi kwenye skrini, unabonyeza, na anatoka, ili aingie mshambuliaji mmoja zaidi. Timu inafanya hivyo ikiwa inashindwa na muda unakaribia kwisha.

Sikuamini kijitabu. Niliwasha mashine, nikachukua wekundu wako, nikasimamisha, nikashuka mstari wa nne, nikabonyeza. Kipa akainuka akateleza mpaka kwenye benchi, akaingia. Nikamrudisha. Nikamtoa tena. Nilifanya hivyo labda mara ishirini, Yaya, kama mtu anayejaribu mlango.

Wewe hukuwa unashindwa. Mabao yalikuwa sawa. Na mimi nilikuwa jikoni, nachota maji.

Nilijaribu kukutetea. Nilisema: Kiingereza chake kilikuwa cha kuuliza bei tu, labda alidhani mstari wa nne ni wa kuwapumzisha watu. Labda kweli alikuwa na kiu. Kama hukujua, basi nilikushinda kwa kosa lako, na hata hivyo ni kushinda kidogo. Kama ulijua, basi nilikuwa nimekaa kwenye ushindi ulioninunulia, na Mama aliniombea mashine kwa neno ambalo si kweli, mbele ya wazee, na mimi nikanyamaza nikaichukua. Asubuhi niliamini la kwanza. Jioni niliamini la pili. Kanisani padri alisema tuwaombee marehemu wapumzike, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikikuuliza habari za kipa.

Na shuleni nilianza kuficha mkono. Halafu Jumatatu moja mwalimu wa biolojia akauliza kitu, na mkono ukapanda wenyewe kabla sijakumbuka kwamba sina haki nao. Nilijibu vizuri. Nikakaa chini nikitaka kulia, na jirani yangu akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nilisema ndiyo.

Wiki hii ya Pasaka Mbusa amekuja na mama yake kutoka Beni. Ana miaka kumi na tatu sasa, ameanza kuongea kwa sauti ya mtu mwingine. Jumatano tulicheza. Alinipiga saba kwa mbili.

"Na ni weye ulikuwaka unashinda Yaya Kakule?" akasema. "Uongo, haki ya Mungu! Ama alikuwaka anacheza na macho yamefungwa?"

Nilihisi uso unaungua. Lakini nikaona kwamba huyu ndiye mtu mwingine pekee duniani aliyecheza na wewe. Ulikuwa unalala kwao siku za kazi, na wikendi nyingine ambazo hukuja kwetu ulibaki na mashine kule ukamfundisha. Nikamuuliza polepole, nikitazama maneti, "Alikuwaka anakutuma maji? Katikati ya mchezo?"

"Maji gani?"

"Maji ya kunywa. Anasimamisha, anakutuma."

"Yaya Kakule? Miye hata kukojoa alinikatalia! Siku moja alinipiga kumi na mbili kwa sifuri. Nikalia. Akaniambia, 'Lia, lakini hapana kuachilia maneti.'"

"Na kipa wake?"

"Kipa wake nini? Alikuwa golini. Angeenda wapi?"

Basi. Ulijua.

Nilizima mashine. Nilienda nje kwa Mama aliyekuwa anachambua maharagwe, nikakaa, nikaanza kuchambua naye, na nikamwambia yote. Kwamba sikuwahi kukushinda. Kwamba uliniacha.

"Alikuacha namna gani?" Mama akauliza. "Si ulikuwa unafunga?"

"Goli lilikuwa tupu, Mama."

"Na kile kitu kiliingia ndani ya goli ama kilipita inje?"

"Kiliingia."

"Na nani alikisukuma?"

"Mimi."

"Donc?" akasema, akatupa jiwe dogo uani, akaendelea na maharagwe. Sijui kama alinielewa kabisa au hakunielewa hata kidogo. Ndivyo nilivyo siku hizi: kila mtu akinijibu, ninabaki na maswali mawili.

Nimekukasirikia, Yaya. Naandika hivi kwa sababu siwezi kusema kwa mdomo; hapa ukitaja jina lako kila mtu anainamisha kichwa, hakuna nafasi ya mtu aliyekasirika. Ulidhani siwezi. Ulimpiga Mbusa kumi na mbili kwa sababu ulimwona ni mtu wa kuweza. Mimi ulinituma jikoni.

Jana nilimwambia Mbusa ukweli wote, hata mstari wa nne. Nilimwambia kwamba kwa haki mashine ni yake, na kwamba nitamweleza Baba mudogo mwenyewe. Nilingoja acheke.

Hakucheka. Alishika kijitabu akakigeuzageuza, halafu akasema, bila kunitazama, "Miye hakuniachiaka hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nilikuwa nasema, labda hanipendi."

Kwenye televizio watu wa barafu walikuwa wamesimama wanangoja. Mimi ningetoa Jumapili zote zile ili unipige kumi na mbili kwa sifuri mara moja. Yeye angetoa zake zote ili umtume maji. Na wewe ndiye uliyetugawia hivyo, na haupo wa kutuambia kwa nini, na sidhani kama ulikaa ukafikiria. Labda uliona msichana anayetazama saruji, na mvulana mwenye kelele, ukafanya kilichokujia. Labda ni hivyo tu. Au si hivyo.

Halafu Mbusa akarudi kuwa Mbusa. "Bakisha mashine yako hapa," akasema. "Kule Beni batoto ba mutaa bataiua. Nitakuwa nakuja kukupiga kwenu."

Baba mudogo nimempigia simu hata hivyo, leo mchana. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu mimi ndiye niliyempigia mtu mkubwa. Nilimweleza. Alisema, "Kakule yule!" na nikasikia anapenga kamasi. Akasema mashine ibaki.

Kesho asubuhi wanapanda gari kurudi Beni. Kabla ya hapo tutacheza mara moja. Mbusa amesema atachukua wekundu. Nimekubali, ingawa iliniuma kidogo, kama kumwona mtu amevaa koti lako.

Ahadi yangu ni hii, Yaya. Mstari wa nne sitaugusa kwa ajili ya Mbusa, hata akilia, wala yeye kwangu, tumeapa. Kesho nitapigwa, najua. Na Pasaka ijayo labda nitapigwa. Lakini siku nitakayoshinda nitapanda mpaka kaburini kwako na nitalisema hilo kwa sauti, na hata wanaolima pale chini wakigeuka kunitazama, nitalisema tena.

Pumzika vizuri. Wasingya, asante kwa yale mabao, nayachukua hivyo hivyo yalivyo. Hasira itaisha, nadhani, sijui lini.

Mdogo wako,
Kahambu