Hongera za Kilo Kumi

Dada yangu,

Huku hatujambo. Koti ulilotuma limefika, ahsante, ila linanipwaya.

Ile picha iliyokufurahisha ngoja nikueleze ilivyopigwa. Pale hotelini, kwenye chumba chetu cha kufulia, mizani ya mafurushi ya mashuka siku hizi inatupima sisi. Kila Jumatatu tunapanda mmoja mmoja, na kila unapopungua kilo tano unapigiwa kengele. Mimi nimepigiwa mara mbili! Msimamizi akanivika utepe ulioandikwa "Bingwa", watu wakapiga makofi, wakataka niwape siri. Siri! Mpishi naye akanipunguzia chakula, eti nisiharibu kazi nzuri. Nusura nimrushie sahani.

Na hao wote walikuja kumzika mama. Miezi mitatu tu imepita, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Wewe, unakula kweli?"

Haya, wao ni watu baki. Lakini wewe, dada, niliyelala nawe kitanda kimoja, ndiye wa kuniandikia, "Hongera, umependeza kama zamani!" Zamani ipi? Zamani mama alikuwa ananisimamia mpaka nimalize tonge la mwisho. Sasa kila jioni mkono unasahau, napakua sahani mbili, halafu nakaa naziangalia mpaka zote zinapoa.

Hongera zako sizitaki, baki nazo. Panda basi uje. Sahani ya pili nimeshaipakua.

Mdogo wako,
Bingwa