Ukija, Jikwae Mlangoni

Kaka yangu,

Hapa tunaendelea. Cherehani nimeibadilishia mkanda, na paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa.

Baba siku hizi anapenda filamu za vichekesho, yeye aliyekuwa akituzimia televisheni akiziita upuuzi! Kuna ile ya mpishi zuzu anayejikwaa kila akiingia mlangoni, sufuria zinamporomokea, kisha anakiomba kiti radhi. Baba hucheka mpaka machozi. Nilimuuliza huyo mjinga ana nini cha maana. Akanijia juu: "Usimseme mwanangu. Hana ubaya na mtu."

Kaka, anamwita kwa jina lako. Mimi ninayemwogesha ananiita dada muuguzi.

Alikuwa hali chochote mpaka zuzu atokee. Akitokea tu, anafungua kinywa. Sasa televisheni imeungua, naye amefumba midomo. Daktari anasema mwili wake hauna akiba tena. Nimeigiza mwenyewe, nikajibwaga chini hadi goti likavimba. Alinitazama, akasema, "Pole, dada muuguzi."

Maji yamenifika shingoni. Najua mliachana vibaya, na unaogopa hatakutambua. Basi usije na suti, wala hotuba ya kuomba msamaha. Ukifika, jikwae mlangoni, anguka kweli, halafu kiombe kiti radhi. Mimi nitakuwa kando yake, nimeshika kijiko.

Fanya haraka, kaka.

Ni mimi dada yako, muuguzi wa Baba.